Mwaka wa Pupe za Papa Kambale

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, sahani ya lituma, ndizi za kuponda, magotini, nikajiona ninaungua na watu wote wanacheka. Ilikuwa matanga ya Dido, mchana, chini ya turubai la bluu katika parcelle, kiwanja cha familia yake, Mangobo, hapa Kisangani. Vijana wake walikodi televisheni kubwa na jenereta, wakaiweka karibu na picha ya marehemu, wakasema wanamheshimu baba yao kwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kamera, na filamu waliyoichagua ilikuwa ile niliyoicheza mimi. Mwanamke kwenye televisheni alikuwa na wanasesere wameng'ang'ania gauni lake, mmoja mgongoni ameshika moto, nywele zake za plastiki zinadondoka kama mshumaa, na mwanamke anapiga kelele, "Tonton Faustin! Tonton Faustin!" Wafiwa walishika mbavu. Mjane wa Dido, ambaye tangu asubuhi alikuwa amelala kwenye mkeka bila nguvu, aliinuka akakaa, akajifuta machozi ya aina nyingine. Mama mmoja nyuma yangu alisema filamu hii haichoshi, ukiiona leo unataka kuiona kesho. Mimi nilikaza kitambaa changu shingoni, mahali ambapo ngozi imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka, nikaendelea kutazama, maana nilikuwa sijawahi kuitazama mpaka mwisho. Moto niliujua. Kicheko nilikijua pia. Nisichokijua kilikuwa kwenye pembe ya televisheni. Nitakifikia, lakini lazima nianze mbali kidogo, kwa sababu watu wa mji huu wanaijua filamu, hawaujui mwaka.

Habari za wazazi wangu nitaziacha, hawana kosa katika hili. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano la primaire, basi, nikawa nasuka nywele Kabondo, na jioni nilicheza teatri na kundi la paroisse, parokia yetu. Vita vilikuwa vimenyamaza karibuni. Watu walikuwa na hamu ya kukaa mahali pamoja na kutazama kitu chochote. Mwaka huo Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka la jumla karibu na soko, alipokea magunia aliyodhani ni ya sufuria na vyombo. Kumbe ndani ni vitu vya kuchezea, mitumba ya watoto wa Ulaya: wanasesere wenye jicho moja linalofunga na jingine limekwama wazi, dubu walioshonwa tumbo, malori ya plastiki yasiyo na gurudumu, na mtoto mmoja wa plastiki anayesema "mama" ukimwinamisha. Sisi tuliwaita wote pupe, hata dubu, hata lori. Hakuna aliyenunua. Akina mama walivuka barabara wasipite mbele ya duka. Mwanasesere wa jicho moja, hujui mtoto gani alilala naye, hujui huyo mtoto alikufa na nini, nani atampeleka nyumbani kwake? Katika makanisa ya maombi walikwisha kuhubiri juu yao. Papa Kambale ni Mkatoliki wa misa ya asubuhi, aliwacheka wahubiri, lakini magunia yalibaki palepale yakimjazia depo. Ndipo Faustin Bokele akamwendea. Faustin ndiye aliyeongoza kundi letu la teatri, sisi vijana tulimwita Tonton, mjomba. Alimwambia: kama watu wanaziogopa pupe zako, tuwape filamu ya kuogopa, na kila atakayeogopa atataka kuja kuiona pupe yenyewe dukani. Hivi ndivyo ilivyoanza. Sijui mwenye akili alikuwa nani kati ya wawili hao. Mpaka leo sijui.

Tulipiga filamu katika salon ya mama yake Faustin. Nikifumba macho ninaiona: kuta za kijani, viti vikubwa ambavyo plastiki yake haikutolewa tangu vinunuliwe, vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono juu ya kila kitu, hata juu ya redio, na saa ya ukutani iliyosimama. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ili iwe usiku. Usiku wetu ulikuwa na joto la saa nane mchana, na jogoo wa jirani aliwika ndani yake bila aibu. Mwuza maji alipita barabarani akiita "mayi pure, mayi pure" wakati ambapo, katika hadithi, nchi yote imelala na pupe zinaamka. Yote hayo yamo ndani ya filamu, hakuna kilichotolewa, kwa sababu Dido alikuwa na kaseti moja tu na Faustin aliapa kwamba hatutarudia kitu. Damu yetu ilikuwa tomate ya kopo iliyochanganywa na mafuta ya mawese. Papa Likunde, mwenye sauti kubwa kuliko sisi wote, alikuwa na kazi mbili. Mwanzoni ni baba wa nyumba, lori la plastiki linavutwa kwa uzi wa nyavu wa wavuvi wa Yanonge, linamgonga kidole cha mguu, naye anakufa akitoa hotuba ndefu. Mwishoni anavaa kanzu na kurudi kama pasta. Alipokuwa maiti, kuku wa mama yake Faustin aliingia, akapanda kifuani mwake, akaanza kudonoa tomate. Maiti ikatetemeka tumbo kwa maumivu. Dido aliendelea kupiga. Uzi wa nyavu uling'aa kwenye mwanga wa taa hata kipofu angeuona. Dubu alifungiwa kisu cha mezani mkononi, na saa ya kula ikifika mama yake Faustin alikuja kumnyang'anya dubu kisu chake akate mkate, halafu akamrudishia.

Sisi hatukucheka. Watu hawaamini nikisema hivyo. Faustin alikichukua kile kitu kwa uzito wote, alitaka watu wazimie. Tulikula kimya, lituma na sombe, majani ya muhogo, na samaki wa kukaushwa, sahani kubwa moja katikati, pupe zimepangwa kwenye kiti kirefu zinatutazama kwa macho yao mabovu. Mtoto wa plastiki alijiinamisha mwenyewe wakati mwingine akasema "mama", na mama yake Faustin, aliyekuwa anatupakulia, alijibu "karibu" kabla hajajua amejibu nani. Mimi nilikuwa na furaha mwaka huo. Katika filamu nilikuwa mke wa mwenye nyumba, yule ambaye pupe zinamfuata mpaka mwisho. Vijana walikuwa wanaanza kunisalimia barabarani. Nikitazama nyuma, ile furaha ndiyo inanichosha kuliko kovu. Kovu halinidanganyi.

Sasa sheria. Naomba msomaji aishike, kwa sababu jambo lote limesimama juu yake. Katika teatri ya paroisse tulizoea kupiga kelele za kila namna: nakufa, nisaidieni, moto, Yesu. Hapakuwa na njia ya kujua nani anacheza na nani amepatwa kweli. Kwa hiyo Faustin mwenyewe aliweka sheria, tangu tulipocheza mateso ya Pasaka na mtu mmoja akaning'inia vibaya kwenye msalaba. Aliirudia siku ya kwanza ya filamu, amesimama katikati ya salon, sote tukamsikia. "Mutu akiona shida ya kweli, aite jina yangu. Jina yangu haiko mu film. Nikisikia jina yangu, nasimamisha kila kitu."

Na sheria ilifanya kazi. Papa Likunde alipokuwa amelala amekufa, siafu walimwingia kwenye suruali. Maiti ikaita "Faustin" kwa sauti ndogo tu, ya heshima, na Faustin papo hapo akasema "coupez", Dido akazima kamera, Papa Likunde akakimbilia uani akivua. Kwa siafu walisimamisha. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Siku mbili tatu kabla ya mwisho, nilikuwa nyuma ya pazia la korido nashonewa gauni. Namna yao ya kufanya pupe zinishike ilikuwa kuzishona moja kwa moja kwenye nguo kwa uzi uleule wa nyavu, zisianguke kaseti ikipita. Gauni lilikuwa la kitambaa cha tergal, Faustin alilipenda kwa sababu linang'aa. Mpango wa mwisho ulikuwa hivi: pasta anaomba, pupe iliyo mgongoni mwangu inatoa moshi, pasta anamwagia maji kutoka kwenye beseni, shetani anaondoka. Moshi ungetoka kwenye pamba iliyoloweshwa maji. Nikiwa pale, mama yake Faustin na sindano mdomoni, nikawasikia wanaume upande wa pili wa pazia. Papa Kambale alikuwa amekuja kuona kazi inavyokwenda. Alikuwa anatafuna karanga, nilisikia meno.

"Moshi tu?" alisema. "Moshi batu baiko nayo kwao mu jikoni kila siku. Mimi nataka moto."

 Faustin akasema, na ninaliandika neno kwa neno kwa sababu nimelibeba tangu siku hiyo, "Papa Kambale, ule ni mutoto ya batu. Ataungua."

"Si muko na mayi? Bon. Moto kidogo, mayi mingi."

Mama yake Faustin alitoa sindano mdomoni, akanitazama, akairudisha mdomoni.  Mimi nilidhani Faustin ameshinda yale mazungumzo. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Ni yeye aliyesema nitaungua.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kunyesha, salon ina harufu ya mablanketi mabichi. Pupe zilikuwa zimenijaa mabegani, kifuani, na ile ya nywele ndefu za njano mgongoni, mahali nisipoweza kufika kwa mkono. Nilisikia harufu ya petroli. Nikauliza, Faustin akasema ni kidogo tu, ya kusaidia pamba. Dido akaweka jicho kwenye kamera yake. Papa Likunde akasimama mbele yangu na kanzu na beseni. Moto uliwashwa nyuma yangu na mkono ambao sikuuona. Mwanzo nilipiga kelele za filamu: Yesu, nakufa. Halafu nywele za pupe zikayeyuka zikadondoka ndani ya ukosi wangu, na nikaita jina. Niliita kama sheria inavyosema. Nikaita tena, na tena. Nilivuta gauni, lakini uzi wa nyavu haukatiki kwa mikono, ndiyo maana wavuvi wanaununua. Nilimwona Papa Likunde na maji yake, yuko hapo, karibu kama mtu wa kukupa chumvi mezani, na maji hayaji. Halafu yakaja. Kati ya kuita kwangu na maji hayo mimi nilizeeka.

Walinipeleka hospitali kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli, kijana anakanyaga kwa nguvu zake zote, na ile dubu yenye kisu bado imeshonwa begani kwangu, hakuna aliyekumbuka kuikata. Watu wa barabarani walinionyesha kidole. Muuguzi aliyenipokea alishika pamba akakaa anatazama, akaniuliza taratibu, kwa huruma kabisa, "Mama, unisaidie. Damu inaishia wapi, tomate inaanzia wapi?"  Nilikuwa nimepakwa vyote viwili. Papa Kambale alikuja kunitazama mara moja. Alivua kofia, akasali Salamu Maria nzima, akaweka kwenye kitanda zawadi iliyofungwa gazeti. Nilipofungua ilikuwa pupe. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Nadhani alichukua kitu cha kwanza kwenye depo. Lakini mimi nilikuwa na bandeji mpaka sikioni, na jicho moja la yule mtoto lilikuwa linanitazama, jingine limefungwa.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza nikiwa bado hospitalini. Alinieleza Dido, aliyekuja na machungwa na kukaa ukingoni mwa kitanda bila kunitazama usoni. Alisema Faustin alivaa koti. Alisema pupe ya kwanza ilipotembea na uzi wake unang'aa, mtu mmoja alicheka, wengine wakafuata, na kuku alipodonoa maiti watu walianguka kwenye mabenchi. Askari waliotoka kambini Kapalata walitaka wakati wa kuku urudishwe. Faustin alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Alisema walicheka mpaka mwisho. Nikamuuliza, mpaka mwisho kabisa? Mpaka kwangu? Dido alianza kunimenyea chungwa. Alimenya machungwa yote, akayapanga kwenye kitambaa, akaenda zake. Hakurudi tena kunitazama. Mungu amlaze, lakini na yeye nimwandike: jicho lake lilikuwa kwenye kamera na kamera ilikuwa kwangu.

Nilipotoka hospitali nilikwenda Bafwasende. Nilipika wali na maharagwe kwa wachimba dhahabu na madereva wa malori, shingo imefunikwa, jina nimebadilisha. Nilidhani msitu utanificha. Siku moja kijana alifungua chumba cha video jirani yangu, na nikasikia sauti yangu inatoka kwenye ukuta wa mbao, inamwita Faustin, na madereva wanacheka. Hata huko ilinifuata. Nikarudi Kisangani, nikaona nikichekwa nichekwe nyumbani. Siku hizi iko kwenye simu. Motari, dereva wa pikipiki, akifunga breki vibaya, abiria wake wanalia "Tonton Faustin!" Watoto wakipiga mpira, mmoja akianguka, "Tonton Faustin!" Hawajui ni mtu. Wanadhani ni neno tu, kama mtu anavyosema aya! akijikwaa.

Na Faustin amekuwa mkubwa. Wanamwita Maître, yaani fundi mkuu. Anafundisha vijana mambo ya kamera, na nimemsikia kwenye redio akisema kwamba tangu mwanzo alikusudia kuchekesha, kwamba watu walitoka kwenye vita na yeye aliwatafutia kicheko. Kuku? Alikusudia. Uzi? Alikusudia. Mtangazaji akamuuliza juu ya yule mama wa mwisho, alipata wapi mwigizaji kama yule. Akasema, yule alikuwa na kipaji cha kuzaliwa. Nilikuwa ninasuka kichwa cha mtu. Nikaweka kitana chini, mteja akaniuliza kama ninaumwa. Miaka yote hiyo nilikuwa na kitu kimoja cha kunisaidia kulala: nilijiambia kwamba hakunisikia. Jenereta ilikuwa inanguruma, watu walikuwa wanapiga kelele, alikuwa na kaseti moja. Hakusikia. Mtu anaweza kuishi na mtu ambaye hakusikia.

Ndiyo narudi matangani. Nilitazama mpaka mwisho, na nikaona kile ambacho wote wanakionaga na kukicheka. Mimi nikiwa naungua na kuita, Papa Likunde anainua beseni. Anainua kabisa. Halafu anageuza uso, anatazama pembeni, nje ya picha, macho yamemtoka kama mtoto anayemuuliza mwalimu. Watu chini ya turubai walicheka sana hapo, mmoja akasema pasta anatafuta sadaka. Beseni linarudi chini. Anangoja. Mimi naita. Anatazama tena pembeni. Anangoja. Ndipo anamwaga.

Papa Likunde alikuwa amekaa viti vichache kutoka kwangu, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti. Nilihamia karibu naye na sahani yangu. Nikamuuliza ulikuwa unatazama nini. Hakujifanya hajaelewa. Alitazama mikono yake kama bado ina beseni.

"Anto," alisema, akiniita kwa jina langu, "mayi ilikuwa mu mikono yangu. Nilimuangalia Faustin. Ye alisema: bado."

Bado. Neno dogo hivyo. Nikasimama. Faustin alikuwa mbele, karibu na picha ya Dido, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ndiye aliyekuwa amemaliza kusema neno la kumsifu marehemu. Nilitaka kumuuliza mbele ya watu. Lakini huwezi kumuuliza mtu kabla hujamwita, kwa hiyo nikamwita, kwa jina ambalo nimemwita siku zote. Nikasema, "Tonton Faustin."

Turubai lote lililipuka. Watu walipiga makofi, mjane akashika tumbo, kijana mmoja akanyanyua simu anipige picha. Walidhani ninamheshimu marehemu. Nikaita tena, taratibu, na kicheko kikazidi. Na Faustin, mimi nikimtazama machoni, akafungua mikono na kuwaambia watu, "Munaona? Kipaji haizeeke." Nikabaki nimesimama na sahani. Halafu nikakaa, na lituma ilikuwa imepoa.

Ndiyo sababu ninaandika, mimi ambaye kalamu inanisumbua. Nimeona kwamba jina lile likitoka mdomoni mwangu ni mchezo, na litakuwa mchezo mpaka nife. Kwenye karatasi halina sauti, hakuna wa kulicheka. Papa Kambale, wewe ulitaka moto, ukauona. Ukiwa bado unaenda misa ya asubuhi, unajua la kumwambia padri. Dido, wewe umekwisha kuulizwa huko uliko. Lakini wewe Faustin Bokele, uliyeweka sheria mbele yetu sote katika salon ya mama yako, uliyesimamisha kila kitu kwa siafu wa Papa Likunde, wewe uko hapa mjini, unapita barabara ninayopita. Sitaki useme pole. Sitaki unisifie kipaji. Nataka uwaambie watu, kwenye redio ileile na kwa mdomo uleule, ulikuwa unangoja nini uliposema bado. Nimekuita kwa jina lako, kama ulivyotufundisha, na jina lako haliko mu film. Dido hayupo, kamera imezimwa, hakuna anayecheza. Jibu.